MSWAKI, SUKARI NA BEI ZA DUKANI

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Bagamoyo ukashika njia ya kusini, utapita Kaole penye magofu, kisha utafika Mbegani. Wengi wanapajua mahali hapa kwa sababu ya chuo cha uvuvi, ambacho katika miaka ya 1970 na 1980 kilipata msaada mkubwa wa Norway, na ambacho sasa kimo chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Lakini leo hatutazungumza habari za samaki. Tutazungumza habari za kinywa na habari za mfuko. Zamani mambo haya mawili hayakujuana kabisa. Siku hizi yamefungamana hata mtoto anaweza kuyatambua akitumwa dukani na pesa pungufu.

Fikiria nyumba ya mvuvi. Bahari imekuwa chafu siku tatu, chombo hakikutoka. Mama ana shilingi chache za kununulia vitu vya siku. Unga lazima ununuliwe, mafuta lazima, sukari ya chai nayo watu wameizoea hata wanaihesabu kuwa ni lazima. Je, kitakachoachwa ni nini? Aghlabu ni dawa ya meno. Hakuna anayelala njaa kwa kukosa dawa ya meno, na jino halimwumi mtu siku ile ile alipoacha kulisugua. Huuma baada ya mwaka au miaka miwili, na siku hiyo gharama yake si ya kopo dogo tena, bali ni nauli ya kwenda hospitali, malipo ya kung'oa, na siku ya kazi iliyopotea.

Yafaa basi tujiulize: ilikuwaje hata usafi wa meno, ambao watu wa Pwani walikuwa nao kwa karne nyingi pasipo kulipa hata pesa moja, ukawa ni bidhaa inayopanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta ya petroli?

KIJITI KISICHOKUWA NA BEI

Msikiti mkongwe wa Kaole unahesabiwa kuwa ni wa karne ya 13. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba mahali pale, na mpaka leo mgeni huonyeshwa kuta za mawe ya matumbawe, makaburi yenye nguzo, na kisima. Penye msikiti na maji pana udhu, na penye udhu pana mswaki. Hatuna maandishi ya mtu wa Kaole yanayotueleza kwamba alisugua meno kabla ya sala ya alfajiri, lakini walikuwa Waislamu, na jambo la mswaki halikuwa geni kwa Mwislamu yeyote. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) aliupenda sana usafi wa kinywa, hata akaeleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake katika mashaka angaliwaamrisha kupiga mswaki kila wasalipo.

Neno lenyewe lina kisa chake. Kwa Kiarabu kijiti hiki huitwa miswak, na hilo ni neno la umoja. Mswahili alipolisikia, masikio yake yakamwambia kwamba "mi-" ni ya wingi, kama miti na mikono. Basi akajitengenezea umoja wake, akasema mswaki. Ndivyo alivyofanya pia kwa kitabu, akapata vitabu, ingawa Mwarabu hasemi hivyo. Lugha nayo ina njia yake ya kusafisha inachokipokea.

Mti ambao wataalamu huuita Salvadora persica hapa kwetu huitwa mswaki vile vile, yaani mti umechukua jina la kazi yake. Huota katika nchi kavu na katika vichaka vya pwani. Watu wametumia pia vijiti vya mzambarau na vya mwarobaini, kila mahali kwa kadiri ya miti yake. Kijiti hukatwa kikiwa kibichi, unene wa kidole kidogo, urefu wa shubiri moja. Ganda humenywa kidogo upande mmoja, kisha ncha hutafunwa mpaka nyuzi zichambuke ziwe kama brashi. Nyuzi zikichoka hukatwa, na ncha mpya hutafunwa. Mtu aliyekwenda kuni au kukata boriti za mikoko alirudi na miswaki ya nyumba nzima. Hapakuwa na duka, hapakuwa na deni.

Wala usidhani kwamba ilikuwa ni desturi tu isiyo na faida. Wanasayansi wameukuta katika mti huu mchanganyiko wa vitu vinavyopunguza vijidudu vya kinywani, pamoja na silika inayosaidia kuondoa ukoga, na floraidi kidogo. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule wa Tanzania, nao ulionyesha kwamba mswaki wa kijiti ukitumiwa vizuri huondoa ukoga sawa na mswaki wa dukani. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 1986 lilihimiza kijiti hiki kitumiwe katika nchi ambamo watu wamekizoea. Lakini angalia maneno "ukitumiwa vizuri". Wengi wetu husugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana mtu akicheka, na upande wa ndani na magego ya nyuma huachwa kama chumba cha uani kisichofagiliwa.

WALIOINGIA KINYWANI BAADAYE

Si kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri kwa meno, na tusijidanganye. Tambuu ni ya zamani sana Pwani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa majani ya tambuu na popoo, na hiyo ilikuwa heshima kwa mgeni. Tambuu hutia meno wekundu kisha weusi, na popoo na tumbaku sasa zinajulikana kuwa ni sababu ya saratani ya kinywa. Hata hivyo, aliyetafuna tambuu hakuwa akinywa chai yenye vijiko vinne vya sukari.

Sukari ndiyo iliyogeuza mambo. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalistawi kando ya mto Pangani, kaskazini yetu, kwa mikono ya watumwa. Abushiri bin Salim, yule aliyewapiga Wajerumani na kuushambulia mji wa Bagamoyo, kisha akanyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Walakini sukari ya wakati ule haikuwa chakula cha kila siku cha mvuvi au mkulima. Ilikuwa ya sikukuu, ya halua, ya wageni. Ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, chai ilipoenea mpaka vijijini, ndipo sukari ilipoingia kila nyumba asubuhi na jioni. Baada ya uhuru vikaongezeka viwanda vyetu wenyewe, kama kile cha Kilombero. Na tangu mwaka 2022 kiko kiwanda cha sukari katika wilaya hii hii ya Bagamoyo, huko Makurunge. Kazi imepatikana, na hilo ni jema. Lakini vijidudu vya kinywani hula sukari vikatoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino, iwe sukari hiyo imesafirishwa kutoka Brazil au imesagwa jirani.

Mswaki wa kizungu nao ulikuja polepole. Kwa muda mrefu brashi hizo zilitengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, na Mwislamu aliyelijua hilo hakuwa na haja ya kuambiwa asiitie kinywani. Mambo yalibadilika mwaka 1938, ilipouzwa Marekani brashi ya kwanza yenye nyuzi za nailoni. Baada ya vita vya pili vya dunia nailoni ikaenea dunia nzima, na pingamizi ile ikaondoka. Ikaja pia dawa ya meno ndani ya bomba laini, na kuanzia miaka ya 1950 dawa yenye floraidi. Hii ya mwisho ilikuwa hatua kubwa kweli, kwa maana floraidi huimarisha ngozi ngumu ya jino, kazi ambayo kijiti peke yake hakiimudu.

Polepole kijiti kikaonekana ni cha wazee na cha watu wa shamba. Mwalimu na karani walikuwa na brashi ndani ya bilauri. Kijana aliyetaka kuonekana wa kisasa hakutaka kukutwa njiani na kijiti mdomoni. Hivyo ndivyo kinywa cha Pwani kilivyotolewa porini kikaingizwa dukani, na pasipo mtu kuona ubaya, maana dawa ilipatikana na bei yake ilijulikana.

MIAKA YA FOLENI

Kisha ikaja miaka ambayo wasomaji wetu wenye mvi wanaikumbuka vizuri. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani mwaka 1973 na 1974. Ukame ukaingia wakati huo huo. Serikali kwa sheria ya mwaka 1973 ikaunda Tume ya Bei, na bidhaa nyingi sana zikapangiwa bei, kutoka saruji mpaka sabuni. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ujamaa yashike nafasi yake, na baada ya muda mfupi operesheni ikasimamishwa kwa sababu watu walikosa mahali pa kununua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 na 1979 vikawa vita vya Kagera, na mafuta yakapanda tena.

Matokeo yake ni kwamba bei ilikuwa imeandikwa ukutani, lakini kitu chenyewe hakipo. Sabuni, kanga, betri, dawa ya meno, vyote vilitafutwa kama dhahabu. Watu walisugua meno kwa chumvi, kwa mkaa uliosagwa, kwa majivu. Mkaa na majivu husugua kweli, lakini hula ngozi ya jino, na ngozi hiyo ikiliwa hairudi. Waliokuwa na hekima walikwenda kichakani kukata mswaki. Babu aliyechekwa miaka kumi nyuma sasa alifuatwa aonyeshe mti ulipo.

Mwaka 1983 likaja lile fagio dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikamatwa, maghala yakapekuliwa, na wenye mali ya kuficha wengine waliitupa vichakani usiku. Tuseme kweli pande zote mbili. Kuficha bidhaa ili zipande bei ni dhambi iliyokatazwa waziwazi katika dini yetu, na waliolifanya hawana utetezi. Lakini hata maghala yale yote yangalimiminwa barabarani, yasingalitosheleza nchi, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimekosa malighafi na vipuri. Mlanguzi alikuwa kupe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu kabla kupe hajamrukia.

Mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwishoni mwa 1985, mlango ukafunguliwa zaidi. Mwaka 1986 yakafanyika mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vitu vikarudi madukani, lakini kwa bei ambayo wengi waliitazama tu. Dola moja, iliyokuwa takriban shilingi 8 mwaka 1979, ilikaribia shilingi 200 mwishoni mwa 1990. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 30 kila mwaka. Maana yake ni nini? Ni kwamba kitu cha shilingi 10 kilifika shilingi 20 kabla ya miaka mitatu kutimia. Mshahara haukukimbia hivyo.

MWANACHUONI WA CAIRO

Mambo haya si mapya, ndugu msomaji. Bei zilipanda Madina katika zama za Mtume (s.a.w.), na watu wakamwomba awapangie bei. Imepokewa na Anas kwamba hakukubali, akaeleza kuwa ni Mwenyezi Mungu anayebana na kukunjua riziki, na kwamba anatumaini kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Baadaye Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alifafanua kwamba hayo ni pale bei inapopanda kwa uchache wa vitu au wingi wa watu. Ama wafanyabiashara wakila njama au wakificha chakula, mtawala ana haki ya kuingilia na kuwalazimisha kuuza kwa bei ya haki. Ukiyaweka maneno hayo mbele ya historia ya Tume yetu ya Bei, utaona kwamba kosa halikuwa kupanga bei tu, bali kuipanga kwa vitu vyote, vyenye njama na visivyo na njama.

Mwingine ni al-Maqrizi, ambaye aliwahi kuwa msimamizi wa masoko mjini Cairo. Kiasi cha mwaka 1405, baada ya Misri kupatwa na njaa na bei zisizoshikika, aliandika kitabu kizima kueleza sababu. Hakuridhika kulaumu mto Nile uliopungua maji. Alitaja mambo matatu: vyeo kununuliwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa, na sarafu za shaba kumwagwa sokoni mpaka dhahabu na fedha zikatoweka. Aliona kwamba pesa ikizidi na vitu visizidi, pesa hupungua thamani. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 600 iliyopita, na serikali nyingi, yetu ikiwamo katika miaka ya 1980, zimekuja kuyajifunza kwa maumivu.

BEI ZA LEO NA ZA KESHO

Sasa hali ikoje? Kwa hesabu za taifa, tumo katika miaka mitulivu. Vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta na ngano mwaka 2022, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mafuta mwezi wa Juni, na mfumuko wa bei haukufika asilimia 5. Mwaka 2024 wastani ulikuwa asilimia 3.1. Benki Kuu inalenga kuuweka kati ya asilimia 3 na 5. Ukipanda kwa asilimia 4, bei huchukua kama miaka 18 kuongezeka mara mbili. Linganisha na ile miaka mitatu.

Lakini wastani ni kama kina cha maji kati ya Mbegani na Unguja: kukijua hakumzuii mtu kuzama. Katika kapu la kupimia bei la taifa, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa kiasi cha asilimia 28. Nyumba maskini hutumia sehemu kubwa zaidi kwa chakula, basi chakula kikipanda huumia kuliko hesabu inavyosema. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilisimamisha kazi ya viwanda vya sukari, na kilo moja ikafika shilingi 4,000 na kupita mahali pengine. Bodi ya Sukari ikatangaza mwezi wa Januari bei ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kufuata mikoa, na kwa muda si wote waliouza kwa bei hiyo. Mwaka huo huo dola ilivuka shilingi 2,700 kabla ya shilingi kupata nguvu tena mwishoni mwa mwaka.

Anayetaka kukisia bei za miezi ijayo na atazame mambo matatu: mvua, dola, na bei za mafuta ambazo EWURA hutangaza kila mwezi. Dawa ya meno nyingine hutengenezwa hapa hapa, kama Whitedent ya Dar es Salaam, lakini malighafi na vifungashio vingi huvuka bahari, na gari la kuisambaza linakunywa dizeli. Hata mswaki wa kijiti umeingia katika mkondo huo. Siku hizi utakuta dukani kijiti kilichofungwa ndani ya plastiki, kimetoka Pakistan, kinauzwa kwa mtu ambaye pengine mti wenyewe unaota nyuma ya shamba lake.

Hata hivyo, iko habari njema ambayo matangazo ya biashara hayapendi kuitaja. Katika picha zao brashi hujazwa dawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Madaktari wa meno wanasema mtu mzima na mtoto aliyepita miaka mitatu wanatosheka na kiasi cha punje ya njegere. Mtoto mdogo zaidi, kiasi cha punje ya mchele. Ukifuata kipimo hiki, kopo moja litafanya kazi ya makopo mawili au matatu. Soma pia kwenye boksi kama ina floraidi ya kiasi cha 1000 mpaka 1500 kwa kila milioni. Kisha gawa bei kwa gramu, maana kopo dogo la bei rahisi mara nyingi ndilo ghali, na maskini ndiye anayelinunua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Mswahili alikwisha kuiita dawa siku nyingi.

Nyumba isiyoweza kununua kila mwezi isiache kusugua. Kijiti kitumike mchana, baada ya chakula na kabla ya sala, na dawa kidogo iliyopo iwekwe kwa ajili ya usiku kabla ya kulala, kwani usiku mate hupungua na jino hukosa ulinzi. Dakika mbili, ndani na nje, na magego pia, bila ya kukandamiza hata fizi zikatoka damu. Tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki.

Na katika Ramadhani, kwa kuwa wengi wa Pwani tunafuata madhehebu ya Shafi na wanachuoni wake wameona karaha kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, watu wengine huacha kabisa mpaka magharibi, kisha wakafuturu kwa tende, kaimati na chai tamu, na wakalala hivyo hivyo. Asubuhi kabla ya adhuhuri hakuna karaha. Usiku wote umeachwa wazi, kuanzia baada ya futari mpaka daku, na dawa ya kopo itumike kabla ya adhana ya alfajiri, kinywa kikiwa kimekwisha maliza kula.